Mfalme Mmoja, Ngome Mbili na Sufuria ya Mbaazi

Hotuba kwa waongoza watalii wa Mji wa Kale, Mombasa

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, kina mama, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha: Assalam aleikum. Hamjambo nyote?

Nimepewa nusu saa. Wanaonijua wanajua kwamba nusu saa kwangu ni salamu tu, kwa hiyo mwenyekiti ukiona nimepitiliza, igonge hiyo meza. Na hilo neno meza mlishike, nitalirudia.

Kwa miaka 27 kazi yangu imekuwa moja: kupokea wageni langoni pa Ngomeni, yaani Fort Jesus, niwaambie kwamba ujenzi ulianza 1593, kwamba aliyeichora alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na kwamba ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali. Halafu mizinga, halafu kisima, halafu picha, halafu bahashishi, akijaaliwa mtu. Nilidhani hakuna jiwe la ngome ile lisilonijua.

Binti yangu ni muuguzi huko New Jersey. Alipopata likizo, nami nikiwa nimemtembelea, akaniuliza, "Baba, nikupeleke wapi?" Nadhani alitarajia niseme maporomoko ya Niagara. Nikamwambia nataka kwenda Puerto Rico kuona ngome. Akacheka mpaka akakaa chini. "Baba, umetoka ngomeni uende ngomeni?"

Nilikuwa na sababu yangu, na nitawaeleza.

Puerto Rico ni kisiwa cha Karibi. Watu wake husema Kihispania, hushabikia besiboli, hutumia dola, na pasipoti yao ni ya Marekani. Kwa hiyo Mkenya anayetaka kwenda huko mlango wake ni viza ya Marekani. Ukishakuwa ndani ya Marekani, kutoka Newark hadi San Juan ni kama saa nne angani, safari ya ndani tu. Niliteremka uwanja wa San Juan nimeikamata pasipoti mkononi kama mtoto aliyepewa hela za dukani. Hakuna aliyeitaka.

Asubuhi yake tukaenda mji wa kale, na hapo ndipo nilipoanza kuona vituko. Mji wenyewe umejengwa juu ya kisiwa kidogo kilichounganishwa na upande wa pili kwa madaraja. Una mlango mwembamba wa bahari, na ngome imeukalia mlango huo. Una vichochoro, una nyumba za ghorofa zenye roshani za mbao, una paka wanaolala popote wanapotaka. Nikamwambia binti yangu, "Hapa tungetafuta mahamri tungeyapata." Barabara zake tu ndizo ngeni: zimetandikwa matofali yenye rangi ya buluu iliyopauka, yaliyotengenezwa kwa masalia ya tanuri za chuma na kuletwa kutoka Uingereza karne ya kumi na tisa. Mvua ikinyesha yanang'aa kama samaki aliyetoka majini sasa hivi. Na yanateleza. Mzee mwenzangu yeyote atakayekwenda achukue viatu vya mpira.

Sasa ngome. Inaitwa San Felipe del Morro, watu huiita El Morro tu. Ilianzwa 1539, ikaongezwa na kuongezwa kwa zaidi ya miaka 200. Iko juu ya jabali, zaidi ya mita 40 kutoka kwenye maji, ina orofa sita za kushuka, na penye unene mkubwa ukuta unafika mita tano na zaidi. Huyo Felipe wa jina lake ndiye aliyenipeleka. Rasmi ni jina la mtakatifu, lakini aliyeheshimiwa ni Mfalme Felipe wa Pili wa Uhispania. Mwaka 1580 kiti cha Ureno kilikosa mrithi, Felipe akakidai, na mwaka uliofuata akatambuliwa kuwa mfalme wa Ureno vilevile. Huko Ureno akahesabiwa Felipe wa Kwanza. Akafa 1598.

Fanyeni hesabu. Fort Jesus ilianzwa 1593. Kila siku tunawaambia wageni "Wareno walijenga", na hatukosei. Lakini mfalme aliyekaa juu ya hao Wareno ndiye huyuhuyu Felipe. Miaka ileile alikuwa amemtuma Mtaliano mwingine, Battista Antonelli, akazungukie bandari zake za Karibi na kuzichorea kuta mpya, Havana na San Juan zikiwemo. Mtaliano mmoja huku, Mtaliano mmoja kule, bwana mmoja katikati ambaye hakukanyaga Mombasa wala San Juan. Nilisimama juu ya ukuta ule, nikatazama zile pembe zilivyochongoka ili mizinga ipishane bila kuacha mahali pa adui kujificha, nikajikuta nimeanza kumweleza binti yangu kwa sauti. Watalii wawili wakasogea kusikiliza. Mazoea yana taabu.

Palikuwa na kitu kimoja nilichokitazama kwa muda mrefu kuliko mizinga. Mbele ya ngome kuna uwanja mpana wa nyasi, mtupu, hauna mti hata mmoja. Ulifyekwa makusudi: adui akija kwa nchi kavu asipate pa kujibanza, apigwe risasi waziwazi. Leo ni uwanja wa tiara. Upepo wa bahari hautulii pale, na jioni familia nzima nzima huja na tiara za rangi zote, baba anashika uzi, mtoto anakimbia kinyumenyume. Mtoto mmoja tiara yake ilianguka juu ya ukuta, ikanasa kwenye kibanda cha mlinzi, kile cha mviringo chenye kofia ya mawe. Askari wa hifadhi akaenda kuinasua, amevaa kofia yake pana, kama aliyekwisha kufanya kazi hiyo mara mia.

Vibanda hivyo ndiyo alama ya mji. Kimoja, katika ngome ya pili iitwayo San Cristóbal, kinaitwa Kibanda cha Shetani. Wanasimulia kwamba askari aliyekuwa zamu usiku alipotea, zikabaki nguo na silaha yake. Shetani kamchukua. Wengine wanasema alitoroka na mchumba wake, na huko milimani wakazaa watoto. Mwongoza watalii mwenzetu alitupa hadithi zote mbili kisha akatuacha tuchague. Nikampenda. Sisi nasi tuna majini yetu, ila hatuwapi wageni nafasi ya kuchagua.

Vita nitavipita haraka. Mwaka 1595 Francis Drake wa Uingereza alikuja kutafuta fedha zilizohifadhiwa mjini, mizinga ikamfukuza. Mwaka 1598 Mwingereza mwingine, Lodi wa Cumberland, hakujisumbua na mlango wa bahari. Alishukia upande wa mashariki, akaja kwa nchi kavu, akaitwaa ngome. Unajua kilichomtoa? Tumbo. Askari wake walishikwa na kuhara damu, wakafa kwa mamia, akaondoka mwenyewe. Mwaka 1625 Waholanzi wakaingia, wakauchoma mji, lakini ngome hawakuipata. Nyinyi mnaojua habari ya Waomani kuizingira Fort Jesus tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, mnajua kwamba nasi huku njaa na maradhi vilifanya kazi kubwa kuliko baruti. Nilimwambia yule mwongozaji, akaandika kwenye kijitabu chake.

Na fedha za kujengea? Hazikutoka Uhispania, wala kisiwani. Zilikuja kwa jahazi kutoka Mexico, fedha ya migodi ya kule. Jahazi likichelewa, askari hawalipwi. Na mikono? Askari, wafungwa, na watumwa. Kwenye mabango ya ngome habari ya mikono ipo, si haba, lakini unaisoma ukiwa umeshachoka na ngazi.

Juu kabisa hupepea bendera tatu. Moja ya Marekani. Moja ya Puerto Rico. Ya tatu ni ya kale, ya jeshi la Uhispania, msalaba mwekundu uliochongoka kama tawi lililokatwa matawi yake. Nilipoziona nilicheka peke yangu, binti yangu asijue kwa nini. Wazee waliopo hapa watanisaidia: ni bendera gani iliyopepea juu ya Fort Jesus wakati Mwingereza anatawala? Nyekundu. Ya Sultani wa Zanzibar, maana mwambao huu ulihesabiwa ni wake, Mwingereza kapangishiwa. Ilipepea hadi 1963. Kwa hiyo watu wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa kwamba bendera moja inaweza kuwa juu na amri ikawa ya mwingine.

Kwao ilikuwaje? Uhispania ilikaa pale miaka 400 na zaidi kidogo, tangu Columbus aliposhuka Novemba 1493. Mwaka 1897 ikakipa kisiwa serikali ya ndani. Haijatimia mwaka, Julai 1898, majeshi ya Marekani yakateremka Guánica, upande wa kusini, na Desemba kikakabidhiwa kwa mkataba uliosainiwa Paris. Wenyewe hawakuulizwa. Tangu 1917 ni raia wa Marekani, lakini anayeishi kisiwani hampigii kura rais, na mjumbe wake katika Bunge kule Washington anaweza kusema ila hapigi kura ya kupitisha sheria. Tangu 1952 jina la nchi kwa Kihispania ni Dola Huru Shirikishi. Nilimwuliza dereva wetu wa teksi maana yake. Akakuna kichwa. "Mzee," akasema, binti yangu akitafsiri, "sisi wenyewe tunagombana juu ya hilo kila Jumapili mezani."

Dereva huyo ndiye aliyetuonyesha mapaa yaliyofunikwa maturubai ya buluu. Kimbunga Maria kilipita tarehe 20 Septemba 2017. Umeme ulikatika kisiwa kizima, na sehemu nyingine haukurudi kwa karibu mwaka. Serikali mwanzoni ilitangaza waliokufa ni 64. Mwaka uliofuata hesabu iliyokubaliwa ikawa 2,975. Alizisema namba hizo mbili moja baada ya nyingine, akaongeza sauti ya redio, na hakusema tena mpaka tulipofika.

Sasa turudi kwenye meza. Mkahawa wa kwanza tulioingia, mhudumu akauliza tunataka mesa ya watu wangapi. Nikamjibu kabla binti yangu hajafungua mdomo. Mesa ni meza! Pale ukutani, bandera, ni bendera. Chupa ya vino, ambayo hatukuigusa, ni mvinyo. Karata za wazee uwanjani, wao husema cartas. Sisi tuliyapata maneno haya kwa Wareno, ndugu wa Wahispania, na tukayakalia kabisa mpaka tukasahau ni ya wageni. Hata gereza: kwa Mreno igreja ni kanisa. Kanisa lilikuwa ndani ya Ngomeni, Waingereza nao wakaifanya ngome nzima jela tangu 1895 hadi 1958. Kule San Juan, chini ya ukuta, kuna jumba zuri la rangi ya kijivu, La Princesa, lililojengwa 1837 kuwa jela. Leo ni ofisi ya utalii. Nawaachia hilo mlitafune.

Na maneno yamesafiri upande wa pili pia. Kabla ya Columbus kisiwa kilikuwa cha Wataino, wakikiita Borikén. Hata leo mtu wa kule akijisifu hujiita boricua. Papai na tumbaku ni majina yaliyoanzia kwenye vinywa vya watu wa visiwa vile. Muhogo ndio uliokuwa mkate wao: waliukuna, wakaukamua sumu, wakauoka juu ya kikaango kipana cha udongo. Wareno ndio walioleta muhogo Afrika kutoka Amerika. Kwa hiyo jioni ukienda pale ufukweni Mama Ngina, mchuuzi akakupasulia muhogo wa kuchoma akautia pilipili na ndimu, ujue mgeni wa kale zaidi pale ni nani. Minazi nayo iliwaendea wao. Ukiona picha za fukwe za Karibi unadhani mnazi ulizaliwa kule. Sivyo. Wareno waliitoa mbegu Bahari ya Hindi, wakaipanda visiwa vya Cabo Verde, na katika karne ya kumi na sita ikavuka hadi Puerto Rico. Ni mnazi wetu huo, umefika huko umejifanya mwenyeji.

Siku ya tatu nikamwambia binti yangu kuta zimetosha. Upande wa kaskazini wa mji, nje ya ukuta, kati ya mawe na mawimbi, kuna mtaa uitwao La Perla. Zamani sheria iliweka machinjio na makaburi nje ya kuta, na hukohuko wakakaa watumwa na watu weusi waliokuwa watumishi. Ukisimama juu ya ukuta unauona wote: nyumba za rangi ya waridi, manjano, samawati, zimebanana kama dagaa, na mbele yake bahari tupu. Ndio mtaa uliopigwa video ya wimbo mmoja wa mwaka 2017 ambao nyinyi vijana mliucheza mpaka tukachoka. Watalii wengi huupiga picha kutoka juu, kisha wanageuka. Mzee mmoja aliyekuwa anauza barafu ya kukwangua yenye sharubati akatuambia teremkeni, hakuna atakayewala. Tukateremka. Watoto walikuwa wanacheza mpira wa kikapu, mama mmoja ananing'iniza nguo. Juu yetu ukuta wa mfalme. Ukiwa chini, ukuta hauonekani kama ulinzi. Unaonekana kama mgongo wa mtu aliyekugeuzia.

Nikafikiria Ngomeni. Nimewaonyesha watu wangapi kutoka juu ya ukuta, nikiwaambia "ule kule ni mji"?

Kutoka hapo tukachukua teksi kwenda Loíza, mashariki ya San Juan, barabara inapita ufukoni, vibanda vya kukaangia vitu kila upande, moshi wa kuni. Loíza ni mji wa wajukuu wa watumwa. Julai, kwenye sikukuu ya Mtakatifu Santiago, hutoka na vinyago vya pembe vilivyotengenezwa kwa kifuu na makumbi ya nazi. Utumwa ulifutwa Puerto Rico tarehe 22 Machi 1873, na walioachiwa wakalazimishwa kuendelea kufanya kazi kwa mkataba wa miaka mitatu. Mwaka uleule wa 1873, mwezi wa Juni, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Zanzibar. Miezi isiyotimia mitatu kati ya moja na nyingine. Anayetoka Frere Town, mtaa wetu ulioanzishwa kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru, na kupita Kengeleni kila asubuhi aelewe kwamba kengele ile ina dada zake mbali.

Tuliingia kibanda kimoja cha bati. Mama mwenye nyumba alikuwa ana sufuria nzito ya alumini, kaifunika jani la mgomba. Alipoifunua, harufu ikanirudisha utotoni. Mbaazi! Wao huziita gandules. Lakini hazikuwa kwenye tui. Zilikuwa zimepikwa pamoja na wali, wali mwekundu wa mbegu za achiote, vitunguu saumu na pilipili tamu zimesagwa pamoja. Kwa kawaida hutia nyama ya nguruwe. Binti yangu alimweleza sisi ni Waislamu, naye akavuta sufuria nyingine ndogo ya mgeni wake mmoja asiyekula nyama, akatupakulia hiyo. Kisha akachukua mwiko wa chuma, akakwangua chini, akanitilia sahanini kipande cha ukoko, cheusi pembeni, dhahabu katikati. Nikamwuliza binti yangu, "Kamwambia nani kwamba mimi napenda ukoko?" Hakuambiwa. Kule ukoko una jina lake, pegao, na hupewa mtu anayeheshimiwa au anayeng'ang'ania.

Nikamwambia kwetu mbaazi tunazipika kwa nazi. Akaangalia minazi ufukoni, akaniangalia mimi, akatikisa mkono. "Hivyo wanafanya jirani zetu wa Jamhuri ya Dominika," akasema, kwa sauti ileile anayoitumia mtu wa Lamu akizungumzia pilau ya Mombasa.

Jioni kukawa na ngoma yao, bomba. Ngoma zake zilianza kwa mapipa ya pombe, yakawambwa ngozi ya mbuzi. Mmoja anashika mdundo, haachi. Wa pili kazi yake ni kumtazama mchezaji. Kwetu, kwenye chakacha, kiuno hufuata ngoma. Bomba ni kinyume: mchezaji ndiye anayeamua, akitupa bega ngoma ijibu bega, akikung'uta sketi ijibu sketi, na mpigaji akichelewa anazomewa. Kina mama wakamvuta binti yangu katikati. Akasimama kidogo, halafu akaingiza chakacha, kiuno tupu, miguu haisogei. Yule mpigaji, mzee wa makamo yangu, akatoa macho. Alitafuta kiuno kile kwa mikono yote miwili, akakikosa, akakipata, akakikosa tena. Watu walicheka mpaka wengine wakashika nguzo za kibanda.

Mwenyekiti ameigonga meza. Nimeisikia.

Nyuma ya ukumbi kuna sufuria mbili. Moja ni wali wa mbaazi wa kule Loíza, mke wangu ameupika kwa maelezo yangu, kwa hiyo ukikosa chumvi kosa ni langu. Ya pili ni mbaazi za nazi na mahamri. Wazee kwanza. Na ukoko wa sufuria ile ya kwanza umeshachukuliwa na mtu, msiuulize.